Anayejiangusha Huwaangusha na Wengine

Miongoni mwa michezo ambayo vijana wetu wameipokea kutoka ng'ambo, mpira wa kikapu ndio ulioniingizia nyumbani swali moja gumu: mtu anapoanguka, nani ajuaye kama ameangushwa au amejiangusha? Mpira wa miguu nao una waangukaji wake, na mashabiki wa Simba na Yanga hawajapata kukosa neno la kusema juu ya waamuzi. Lakini uwanja wa kikapu ni mdogo, wachezaji kumi wamebanana ndani yake, miili inagusana kila mara, na filimbi hulia mara nyingi katika mchezo mmoja. Kwa hiyo ubishi juu ya rafu si tukio la mara mojamoja. Umekuwa ndiyo chumvi ya mchezo wenyewe. Na ubishi huo, ndugu msomaji, ukishaingia sebuleni hautoki. Hugeuka kuwa maongezi juu ya ukweli na dhulma, na juu ya namna sisi wazazi tunavyohukumu baina ya watoto wetu.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, tunaishi pembezoni mwa nchi lakini si mbali na kikapu. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda, ambako saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima, na ni mjini Kigali ndiko ilikochezwa kwa mara ya kwanza Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika, kuanzia tarehe 16 hadi 30 Mei 2021. Zamalek ya Misri ilitwaa ubingwa kwa kuishinda Monastir ya Tunisia kwa vikapu 76 kwa 63. Vijana wa nyumbani kwangu, wanangu wawili wa kiume na mpwa wangu tuliyemlea tangu akiwa darasa la tatu, waliifuatilia ligi ile kama watu wanaofuatilia habari za jirani. Baada ya hapo wakahamia ligi kubwa ya Marekani, NBA, ambayo mechi zake nyingi huanza kwetu saa nane au saa tisa usiku na kumalizika karibu na adhana ya Alfajiri. Sharti langu kwao lilikuwa moja tu: anayeamka kwa ajili ya mpira, aamke pia kwa ajili ya sala.

Kwa ndugu wasomaji wasioufahamu mchezo huu, yafaa nieleze kwa nini mtu mzima mwenye nguvu zake aone faida ya kujitupa sakafuni. Mchezaji akifanyiwa rafu anapojaribu kufunga, hupewa mitupo huru, yaani husimama mbele ya kikapu bila mtu wa kumzuia akarusha mpira, na kila mtupo unaoingia ni pointi moja. Wakati huo saa ya mchezo imesimamishwa. Aidha, aliyefanya rafu huandikiwa kosa, na makosa yake yakifika 6 katika NBA, au 5 katika mashindano yanayofuata kanuni za FIBA, hutolewa nje na harudi tena katika mchezo huo. Kwa hiyo anguko moja hulipa mara mbili: humpa mwangukaji pointi, na humpunguzia mpinzani muda wake wa kuishi uwanjani. Biashara yenye faida ya namna hiyo haikosi wafanyabiashara.

Walimwengu wa kikapu humtaja Vlade Divac, Mserbia mrefu aliyecheza NBA tangu mwaka 1989, kuwa miongoni mwa walioipa sanaa hii jina. Shaquille O'Neal, mtu mwenye mwili kama mnara, alilalamika waziwazi kwamba akimgusa tu Divac, Divac huruka nyuma kana kwamba amegongwa na lori. Mabishano yakaendelea miaka mingi, hata msimu wa 2012 na 2013 ligi ilipoamua kuweka adhabu: mara ya kwanza onyo, ya pili faini ya dola 5,000, ya tatu 10,000, ya nne 15,000, na ya tano 30,000. Fedha hizo ni nyingi kwa mkulima wa kahawa wa Nkwenda, lakini kwa wanaolipwa mamilioni ni kama sarafu iliyodondoka mfukoni. Tena adhabu ilitolewa baada ya mchezo kwisha. Pointi za udanganyifu zilibaki ubaoni, na aliyeshindwa alibaki ameshindwa.

Ndipo kuanzia msimu wa 2023 na 2024 kanuni ikabadilishwa. Sasa mwamuzi anaweza kumwadhibu anayejiangusha palepale: timu pinzani hupewa mtupo huru mmoja, na mchezaji hutozwa dola 2,000. Faini imekuwa ndogo kuliko ile ya kwanza, lakini adhabu imekuwa nzito zaidi, kwa sababu inamkuta mtu mbele ya macho ya wenzake, na inagusa kile alichokuwa akikitafuta, yaani pointi. Hapo pana funzo la malezi ambalo halikuandikwa kwa ajili ya malezi: adhabu ndogo inayokuja kwa wakati wake hufundisha kuliko adhabu kubwa inayokuja wakati mtoto amekwisha kula matunda ya hila yake.

Lililonivutia zaidi katika kanuni hizo ni kipimo chake. Waamuzi hawaulizwi kama mtu aliguswa au hakuguswa, kwa kuwa katika kikapu karibu kila mtu huguswa. Wanaulizwa: je, namna alivyoanguka inalingana na nguvu na mwelekeo wa mguso alioupata? Aliyesukumwa kifuani hawezi kuanguka kifudifudi. Aliyepapaswa begani hawezi kuzunguka mara tatu kama jani la mkaratusi. Kwa maneno mengine, kilio kiwe na uzito wa pigo. Nimekuwa nikiirudia sentensi hiyo nyumbani hata watoto wamechoka nayo, lakini sijapata iliyo bora zaidi. Mtu aliyepigwa kofi akadai amekatwa panga ametiwa kosani na kofi lake mwenyewe, maana hata lile kofi la kweli sasa halisadikiwi.

Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye urefu wa sentimita 221, alichaguliwa na Memphis akiwa wa pili katika uteuzi wa mwaka 2009. Wa tatu katika uteuzi uleule alikuwa James Harden. Majaaliwa yao yalitofautiana sana. Thabeet kazi yake ilikuwa kusimama chini ya kikapu na kuzuia mipira ya wenzake. Harden akawa bingwa wa kupata rafu, na kwa misimu kadhaa aliongoza ligi nzima kwa idadi ya mitupo huru aliyopewa. Simtuhumu Harden kwa uongo, maana mengi aliyoyafanya yalikuwa ndani ya kanuni za wakati ule. Lakini ligi yenyewe iliona hatari, na kabla ya msimu wa 2021 na 2022 iliwaagiza waamuzi waache kuwazawadia washambuliaji wanaoacha njia yao ghafla ili wamvae mlinzi, wanaomnasa mlinzi kwa mkono, au wanaotupa mguu pembeni wakati wa kurusha mpira ili tu wagongwe.

Fikiri, basi, juu ya mtu mwenye kazi kama ya Thabeet. Kanuni humpa mlinzi haki ya hewa iliyo juu yake: akiruka wima, mikono juu, na mshambuliaji akamvaa, mlinzi hana kosa. Haki hiyo ni nzuri karatasini. Uwanjani, mshambuliaji akipiga ukelele na kujitupa, mwamuzi ana nusu ya sekunde ya kuamua, na jicho humwelekea aliyeanguka, si aliyesimama wima. Mtu mkubwa huonekana mkosaji kabla hajafanya lolote. Wanangu wana picha moja ya video ya Februari 2009, Thabeet akiwa bado chuo kikuu cha Connecticut, ambamo DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwake kwa takriban sentimita 20, alimbinua begani hadi chini. Kila wakiitazama husema jambo moja: hakuna binadamu anayejiangusha namna ile. Lakini hata wakubwa huangushwa kweli, na mzoea kuwashuku huwa hawaamini hata wakiwa sakafuni.

Haya yote yangebaki kuwa maongezi ya sebuleni lau si yaliyompata mpwa wangu. Alikuwa kidato cha nne, na ilikuwa Septemba, miezi miwili kabla ya mtihani wa taifa. Shule yao ilicheza mechi ya kirafiki na shule nyingine ya wilayani Kyerwa, katika uwanja wa udongo mwekundu, nguzo za kikapu zikiwa za miti ya mikaratusi. Nilikuwapo. Katika robo mbili za mwanzo, wachezaji wawili wa upande wa mpwa wangu walijiangusha waziwazi, wakapewa mitupo huru, na mashabiki wao wakawashangilia kwa ujanja. Mwamuzi, mwalimu kijana aliyejitolea siku yake ya mapumziko, alianza kuona kwamba anachezewa. Niliona uso wake ukibadilika. Mtu aliyedanganywa mara mbili mbele ya umati huapa moyoni kwamba hatadanganywa mara ya tatu.

Mara ya tatu ilikuwa ya mpwa wangu. Aliruka kuufuata mpira uliogonga chuma cha kikapu, na akiwa angali hewani mpinzani akapita chini yake na kumchukua miguu. Alishukia mkono wa kulia. Filimbi haikulia. Wapinzani waliuchukua mpira wakakimbia nao, wakafunga, na kutoka pembeni mwa uwanja sauti zikapazwa, za upande wao na hata za upande wetu: "Inuka, msanii wewe!" Alibaki pale, amekumbatia mkono wake, hajalia. Ilikuwa mpaka mwenzake alipoona jinsi kifundo cha mkono kilivyopinda ndipo mchezo uliposimamishwa. Mfupa ulikuwa umevunjika. Mkono ulifungwa plasta kwa wiki sita, na yale majuma ya kujiandaa kwa mtihani aliyapitisha akijifunza kuandika muhtasari kwa mkono wa kushoto. Mtihani aliufanya kwa mkono uliokuwa ukichoka kila amalizapo ukurasa.

Usiku ule tuliporudi kutoka hospitali aliniambia maneno ambayo hayajanitoka. "Mjomba," alisema, "walioigiza walipewa. Mimi niliyevunjika nikanyimwa. Siku nyingine nitapiga kelele kama wao." Mwanangu mkubwa akamuunga mkono. "Baba, kule Marekani makocha wenyewe wanajua. Usipoionyesha rafu, mwamuzi haioni. Na ligi ya kulipwa si darasa la tabia njema; mtu analipwa ili ashinde."

Sikutaka kuyapuuza maneno yao, maana yana ukweli ndani yake. Kuna tofauti baina ya kuonyesha na kubuni. Mtu aliyefanyiwa rafu ana haki ya kudai, na mwenye haki hapaswi kukaa kimya ili aonekane mstaarabu. Mdhulumiwa ana sauti, na sauti yake inaheshimika. Lakini kudai ni kwa ulimi, mbele ya mwamuzi, kwa adabu. Kujiangusha ni kuutolea mwili ushahidi wa uongo. Mwili hauna maneno ya "nadhani" wala "pengine". Unaposema nimesukumwa, umeapa.

Ama hoja ya kwamba ligi ya kulipwa si mahali pa tabia njema, niliijibu hivi: palipo na malipo ndipo dhulma inapokuwa nzito zaidi. Mlinzi anayeandikiwa kosa lisilo lake hukaa benchi. Akikaa benchi mara nyingi, takwimu zake hupungua, na takwimu zikipungua mkataba wake hupungua au haupo kabisa. Yule aliyejitupa sakafuni akapewa mitupo miwili, hakuchukua pointi mbili peke yake. Ameingiza mkono katika sahani ya mtu mwingine, yenye chakula cha mke wake na watoto wake. Katika mchezo wa ridhaa udanganyifu huiba furaha. Katika mchezo wa kulipwa huiba riziki.

Lakini mwathirika mkubwa, niliwaambia, si hata huyo mlinzi. Ni yule atakayeanguka kweli kesho. Sisi wa huku tunaifahamu hesabu hii kwa njia ya kahawa. Mkulima mmoja akichanganya buni mbichi na kavu ili gunia lake liwe zito, hupata faida siku hiyo. Mnunuzi akigundua, hataacha kununua kwake tu. Atalipasua na gunia langu, atalitia mkono na gunia lako, na bei ya kijiji kizima itashuka kwa sababu ya mjanja mmoja ambaye pengine amekwisha kuondoka na fedha zake. Imani ni mali ya pamoja. Kila anguko la uongo hutolewa katika akiba hiyo, na mpwa wangu alipoihitaji akakuta imekwisha. Waliomvunja mkono ni watatu: aliyepita chini yake, na wale wenzake wawili wa timu yake mwenyewe ambao hata hawakuwa karibu naye.

Simlaumu yule mwalimu mwenye filimbi. Waamuzi wa NBA ni watatu kwa kila mchezo, wamefunzwa na wanalipwa, na wana kituo cha picha za marudio huko New Jersey. Tangu msimu wa 2019 na 2020 makocha wameruhusiwa kupinga uamuzi ili picha zitazamwe upya. Na tangu Machi 2015 ligi huchapisha taarifa za uamuzi wa dakika mbili za mwisho kwa mechi zilizokaribiana, ikitaja wazi pale waamuzi walipokosea. Taarifa hizo hazibadilishi matokeo, aliyeshinda ameshinda. Ikiwa wenye vyombo vyote hivyo bado hukosea na kukiri kwamba wamekosea, tumtarajie nini mwalimu mmoja mwenye macho mawili katika vumbi la Kyerwa?

Muislamu anapofika hapa hukumbuka alichofundisha Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu hukumu: kwamba hakimu huhukumu kwa yale yanayomdhihirikia, na kwamba anayepewa haki ya mwenziwe kwa ufasaha wa maneno yake asiichukue, kwa kuwa amekatiwa kipande cha moto. Uamuzi wa mwamuzi hauifanyi batili kuwa haki. Filimbi inaweza kukupa mitupo miwili, na ubao unaweza kukuandikia pointi mbili, lakini wewe unajua ulivyozipata. Mwamuzi aliyedanganywa ameshaondokewa na jukumu lake. Lililobaki liko kwako.

Wala tusidhani kwamba uongo wa mwili hukomea kwenye mitupo huru. Mwezi Aprili 2024, NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors. Katika mechi ya Januari mwaka ule alitoka uwanjani baada ya dakika chache akidai maumivu, na mwezi Machi akatoka tena akidai ugonjwa, huku wenzake wa kamari wakiwa wameweka fedha kwamba takwimu zake zingekuwa ndogo. Mwezi Julai alikiri kosa lake mbele ya mahakama ya New York. Kabla yake, mwaka 2007, mwamuzi Tim Donaghy alikiri makosa yaliyohusu kamari juu ya mechi ambazo nyingine alizichezesha mwenyewe, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Ninawaeleza wanangu habari hizi kwa makusudi, kwa kuwa mikeka ya kubeti imeenea mpaka vijijini kwetu. Kijana anayedhani anacheza na bahati, huenda anacheza na mtu aliyekwisha kuamua lini ataugua.

Upo upande wa pili wa mizani, nao si mwepesi. Tumezoea mno kumwita kila aliyeanguka msanii. Mtazamaji aliyekaa kwenye kibanda umiza, soda mkononi, humtangaza mtu kuwa mwongo kabla mtu huyo hajamaliza kutua sakafuni. Hiyo nayo ni dhulma. Dhana mbaya ni hukumu isiyo na shahidi. Wale waliopaza sauti siku ile hawakumwona mpwa wangu. Walimwona mchezaji wa timu yenye waigizaji. Na kila timu, kila ukoo, kila kijiji kina waigizaji wake. Hakuna atakayesalimika ikiwa tutahesabiana hivyo.

Nimefikiri sana juu ya haya katika kulea, kwa sababu mzazi ni mwamuzi asiye na picha za marudio. Katika kila nyumba yupo mtoto mdogo aliyegundua kwamba akilia kwanza, mkubwa wake ndiye atakayechapwa. Huguswa kidogo, akajitupa chini. Mama anatoka jikoni, anaona mmoja yuko chini na mwingine amesimama, na hukumu imekwisha kutoka. Yule aliyesimama wima hujifunza kwamba kusimama wima hakuna faida. Marehemu mama yangu, aliyelea watoto saba kwenye migomba ya Karagwe, alikuwa na desturi ambayo sasa naielewa. Akitukuta mmoja analia, hakumuuliza anayelia. Alimgeukia aliyenyamaza, akamuuliza: "Kabla ya hapo kulikuwa na nini?" Kisha akamgeukia aliyelia, akamuuliza swali lilelile. Anguko huonekana na wote. Kilichotangulia anguko ndicho chenye hukumu. Na aliyebainika amejiliza hakuchapwa. Alikaa pembeni, akawatazama wenzake wakimalizia mchezo bila yeye. Miaka mingi baadaye NBA nayo imefikia hukumu inayofanana na hiyo: adhabu ya papo hapo, mbele ya wenzako, inayokunyima kile ulichokitafuta.

Mpwa wangu hakuniuliza tena kama apige kelele. Aliniuliza jambo lililo gumu zaidi: kama mkweli anaweza kuvunjika mkono na asiaminiwe, faida ya ukweli ni ipi? Sikumwahidi kwamba mwamuzi wa mechi ijayo atamwona. Nilimsimulia habari za Hakeem Olajuwon, Mnigeria aliyeiongoza Houston kutwaa ubingwa mwaka 1994 na 1995. Mwezi Februari 1995 ulikuwa Ramadhani. Olajuwon alifunga, akacheza na saumu yake hata katika mechi za mchana, na mwisho wa mwezi akatajwa kuwa mchezaji bora wa mwezi ule. Vijana huipenda habari hiyo kwa sababu ya tuzo. Mimi nilimwomba aitazame chupa ya maji. Mchezaji anayetoka jasho, wakati wa mapumziko, ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, anaweza kunywa funda moja na hakuna atakayejua. Saumu haina mwamuzi wala picha za marudio, wala haina taarifa ya dakika mbili za mwisho. Anayeweza kuitunza pale asipoonwa na mtu, hana haja ya kujiangusha mahali anapotazamwa na maelfu.

Siku hizi kijana anacheza tena, ingawa kifundo chake hakikunji sawasawa na hurusha mpira kwa namna yake mwenyewe, kiwiko kikiwa nje kidogo. Akiguswa huyumba kwa kadiri alivyoguswa. Akifanyiwa rafu isiyopigiwa filimbi, humwendea mwamuzi mpira ukisimama, akamwambia maneno mawili, akarudi kukaba. Zipo mechi ambazo hasikilizwi. Lakini katika viwanja vya Kayanga na Omurushaka waamuzi wamekwisha kumfahamu, na juzi mmoja wao alinieleza kwa ufupi: "Yule mpwa wako, Mzee, akikaa chini mimi nasimamisha mchezo."